"Baba, Mimi Nimefunga"

(Mawaidha kwa vijana na wazazi, Merigi, Bomet)



Ndugu yangu Muislamu, leo sitakusomea nguzo za saumu. Hizo unazijua. Nataka tuzungumze juu ya yule mdogo wako wa miaka mitano au sita, ambaye usiku wa kwanza wa Ramadhan anaruka na kusema, "Hata mimi nitafunga!" Wewe unamjibu nini?

Mimi nilimsifu. Nilimsifu kupita kiasi, mbele ya wageni, mbele ya dada zake. Kila jioni nikitoka kuchuma chai namuuliza, "Umefunga?" Anajibu, "Nimefunga, baba." Basi siku moja mvua ya mawe ikatukatiza kazi, nikarudi kabla ya Alasiri. Nikamkuta nyuma ya pipa la maji, amekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa mpaka kidevuni. Akaniangalia hivi, akasema, "Baba, mimi nimefunga."

Wallahi, maziwa hayakuniuma. Liliniuma lile neno. Nani alimfundisha? Ni mimi. Alijua akisema kweli, sifa zitakwisha.

Sasa hebu tazama Maswahaba walivyofanya. Bi Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) anasimulia, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kwamba siku ya Ashura waliwafungisha watoto wao wadogo, wakawatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu. Mtoto akililia chakula anapewa kile cha kuchezea, mpaka wakati wa kufuturu. Umeona? Hapo kazi ni ya mzazi: akae na mtoto, amshughulishe. Sisi tunamwachia mtoto kazi yote, halafu jioni tunamhoji kama askari!

Na ambaye hajabaleghe, funga si faradhi kwake. Huku kwetu kutoka Alfajiri hadi Magharibi ni kama saa 13 na nusu, mwaka mzima, na baridi ya milima hii unaijua inavyotia njaa. Akilegea, mpe chakula bila maneno.

Nyumbani tulibadilisha mambo. Akiamka mwenyewe anakula daku nasi, asipoamka tunamwacha alale. Anafunga mpaka Adhuhuri, kisha anakula waziwazi. Jioni ana kazi yake. Hapa tulipo hatusikii adhana ya msikiti, basi yeye ndiye mlinzi wa simu. Ikiadhini tu, anakimbia jikoni akipiga kelele, "Tayari!" Yeye ndiye anayegawa tende, moja moja. Mkono wake ukianza kuzurura kwenye sahani, namkumbusha kama Mtume (s.a.w.) alivyomkumbusha Umar bin Abi Salama akiwa mtoto: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Maneno machache, wala hakumkaripia, na Umar mwenyewe anasema tangu siku hiyo alikula hivyo hivyo.

Mama jirani yetu si Muislamu, lakini ndiye anayetuletea maziwa. Juzi alimuuliza kijana, "Leo umefunga?"

"Nusu," akasema. "Halafu nikala ugali."

Mama akacheka sana. Mimi nilikuwa mlangoni, sijavua gambuti, nikasema Alhamdulillah.

Wassalaam alaykum.