Longonot Uliinuka, Kisha Ukatulia
(Mazungumzo kwenye baraza la wananchi)



Kabla sijasimama hapa, mzee mmoja ameniuliza kama auze shamba lake, kwa sababu amesikia mlima unavimba. Nitaanza na swali lake.

Ni kweli, uliwahi kuvimba. Kati ya mwaka 2004 na 2006, ardhi ya Longonot ilipanda kama sentimita 9. Hakuna aliyehisi. Kule Paka, Baringo, ilipanda kama sentimita 21 kati ya 2006 na 2007. Nako Menengai na Suswa ardhi ilishuka sentimita 2 hadi 5 kati ya 1997 na 2000. Kabla ya vipimo hivyo, wengi walidhani milima hii imelala fofofo.

Ilipimwaje? Setilaiti hutuma mawimbi ya rada, usiku na mchana, hata kukiwa na mawingu. Baada ya siku kadhaa hupita tena palepale, na wataalamu hulinganisha picha mbili. Safari ya mawimbi ikiwa fupi kuliko mara ya kwanza, ardhi imesogea juu. Penye mawe matupu picha hutoka vizuri. Mahindi yakikua huivuruga.

Kisha kuna hesabu. Zika mpira mchangani, uujaze upepo. Ukiwa karibu na juu, mchanga hutoa kinundu chembamba. Ukiwa chini sana, huinuka kidogo lakini kwa upana. Mwaka 1958 Mjapani Kiyoo Mogi alionyesha namna ya kukadiria kina kutokana na umbo la uvimbe, na hadi leo njia yake inatumika. Haikuambii kama kilichoko chini ni mawe yaliyoyeyuka, mvuke au maji moto. Wala haitaji siku ya mlipuko.

Kwa hivyo, mzee wangu, usiuze shamba kwa bei ya kutupa kwa sababu ya uvumi. Uvimbe ule ulikoma bila mlipuko. Lakini simulizi za Wamaasai zinasema Longonot ulilipuka miaka ya 1860, kwa hivyo sitakudanganya kwamba hautalipuka tena. Cha kutisha ni ardhi kupanda kwa kasi huku matetemeko yakizidi. Ukiona mvuke ukitoka mahali papya, mwambie chifu siku hiyo hiyo, usingoje baraza.

Na tafadhali, bikoni za kupimia ardhi msizing'oe. Ikisogezwa hata kidole kimoja, vipimo vya miaka vinaharibika.

Haya, maswali. Mama pale nyuma, anza wewe.