Uvimbe Kushuka Si Kupona

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wazazi na wahudumu wa afya ya jamii, Siku ya Kimataifa ya Saratani ya Watoto, Februari 15



Mimi si daktari. Kazi yangu ni kalamu na kamera, na leo nitaanza na kamera. Ukimpiga mtoto picha ya simu usiku, mara nyingi macho yake hutoka mekundu. Hilo ni kawaida. Lakini jicho moja likitoka jekundu na lingine jeupe, usiifute picha hiyo. Ipeleke hospitalini pamoja na mtoto. Huenda si kitu. Huenda pia ni saratani ya jicho, ambayo huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5, na ikigunduliwa mapema, wengi huokolewa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, hupona chini ya asilimia 30. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni dawa na wataalamu kukosekana, ugonjwa kuchelewa kugunduliwa, na matibabu kuachwa njiani. Dawa na wataalamu ni jukumu letu serikalini, nanyi mna haki ya kutudai. Hayo mengine mawili tuyabebe pamoja.

Kwanza, kuchelewa. Kwa saratani nyingi za watoto, hakuna kipimo cha kuwapima watoto wote kabla hawajaugua. Tunategemea macho ya mzazi, mwalimu na jirani. Angalia uvimbe usioisha, homa isiyokwisha, kupauka, kuvilia damu ovyo, maumivu ya mifupa, kukonda, au kuumwa kichwa na kutapika asubuhi. Mtoto akitibiwa malaria au jino na hali isibadilike, mrudishe, uombe rufaa. Si uchawi, si laana, wala haiambukizi.

Pili, kuacha matibabu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya. Saratani hiyo leo ina jina lake, na huku kwetu Afrika Mashariki huwapata watoto wengi kuliko sehemu nyingi za dunia. Hukua kwa kasi mno. Hata hivyo, dawa za kemotherapi zikianza, uvimbe unaweza kunywea ndani ya siku chache.

Hapo ndipo penye mtego. Mzazi anaona taya limerudi, mtoto anacheza, anakula. Nauli ya kwenda Nairobi au Eldoret imekwisha. Nyumbani kuna watoto wengine wanaolala kwa jirani, na bili inaongezeka. Anasema, "Mungu amesaidia, amepona." Anarudi nyumbani. Lakini mbegu za saratani zingali mwilini, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi kutibu. Dawa hizi hutolewa kwa awamu kwa sababu hiyo: bandu bandu huisha gogo. Gogo likiachwa nusu, bado ni gogo.

Mzazi huyo tusimlaumu. Hakukosa upendo, alikosa nauli.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Jisajili na SHA kabla ya kuugua, na uwaandikishe watoto wako. Kama fedha zimekuishia hospitalini, usitoroke. Muone afisa wa ustawi wa jamii pamoja na daktari, muulize awamu zimebaki ngapi. Na sisi majirani, tunaochanga haraka kwa mazishi, tuchange nauli ya awamu inayofuata, tuwalishe watoto waliobaki, tumpalilie shamba.

Mwaka 2018 WHO iliweka lengo kwamba ifikapo 2030, angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona. Lengo hilo litafikiwa mtoto mmoja mmoja, kwa kumaliza awamu ya mwisho.