Teke la Farasi Mzee ni Ushahidi, si Utovu wa Shukrani

Hotuba ya ofisa wa polisi wa mahusiano ya jamii kwa wafugaji na wakazi wa vijiji vya mpakani



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kumwona askari akisimama mbele yenu kuzungumza habari za farasi badala ya wizi na magendo. Lakini ugomvi unaoanzia kwenye teke la mnyama mara nyingi huishia mezani petu kituoni. Mtoto amevunjika mkono, jirani anadai gharama za matibabu, mwenye mnyama naye ameshika rungu na kuapa kumfunza adabu. Kila mmoja ana maelezo yake. Mnyama pekee ndiye asiyeulizwa.

Wahenga walinena kwamba shukrani ya punda ni mateke. Kwa heshima zote, leo naomba ruhusa ya kuitilia shaka methali hiyo. Farasi aliyebeba watu kwa miaka 15 bila kumdhuru yeyote, kisha akaanza kung'ata anapofungwa mkanda wa tandiko, hajasahau fadhila. Yamkini anaumwa. Na kama vile askari mwadilifu hamhukumu mshukiwa kabla ya uchunguzi, ndivyo mfugaji mwadilifu asivyomwadhibu mnyama mzee kabla ya kutafuta kiini cha mabadiliko yake.

Najua kwamba wenye farasi wa kupandwa miongoni mwetu ni wachache, na wenye punda ni wengi, hasa huku kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Kapchorwa na Bukwo hadi Suam, ambako punda hupita penye njia ambazo gari haliwezi. Farasi na punda ni ndugu wa ukoo mmoja. Karibu yote nitakayosema juu ya farasi mzee yanamhusu punda pia, isipokuwa punda ni hodari zaidi wa kuficha maumivu. Punda akishaonyesha kwamba anaumwa, mara nyingi hali imekwisha kuwa mbaya.

Kwanza, uzee wenyewe. Farasi akitunzwa vyema anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, na akishavuka miaka 15 huhesabiwa kuwa ameanza kuzeeka. Katika umri huo viungo hulika na kukakamaa. Meno, ambayo huendelea kuchomoza katika maisha yake yote, hulika upande upande na kuacha ncha kali zinazojeruhi ulimi na mashavu. Misuli ya mgongo hupungua, hata tandiko lililomkaa vizuri miaka mitano iliyopita leo likakandamiza uti wake. Macho hufifia, naye akashtuka mtu anapomjia kwa upande asioona. Kila badiliko kati ya hayo laweza kumgeuza mnyama mpole akaonekana mkorofi.

Dalili ya mvua ni mawingu, na teke nalo hutanguliwa na mawingu yake. Daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2018 orodha ya tabia 24 za kuangaliwa farasi anapopandwa. Miongoni mwake ni kulaza masikio nyuma kwa sekunde tano au zaidi, kufungua kinywa mara kwa mara, kupiga mkia huku na huku, kuinamisha kichwa upande mmoja, kujikwaa, na kukataa kwenda mbele. Farasi yeyote aweza kuonyesha moja au mbili kati ya tabia hizo. Lakini akionyesha nane au zaidi, yapasa kushuku kwamba ana maumivu ya viungo, misuli au mifupa, hata kama hachechemei.

Basi uchunguzi na ufanywe kwa utaratibu. Anza kwa kuuliza: tabia hii ilianza lini, na hutokea wakati gani? Akikasirika wakati wa kutandikwa, chunguza mgongo na mbavu. Pitisha kiganja taratibu kutoka mabegani hadi kiunoni na uone ni wapi ngozi inatetemeka au mnyama anajiinamisha. Tazama tandiko lenyewe. Manyoya meupe yaliyoota palipokuwa peusi ni alama ya mahali ambapo tandiko liliwahi kumwumiza. Akirusha kichwa anapovutwa hatamu, au akidondosha majani aliyoyatafuna nusu, mtuhumiwa wa kwanza ni meno. Akikataa kuinua mguu ili kwato zisafishwe, usidhani ni ukaidi. Huenda miguu mitatu iliyobaki haiwezi kuubeba uzito wake bila maumivu.

Angalieni pia usingizi wake. Farasi aweza kusinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito huupata akiwa amelala chini tu. Mzee mwenye viungo vibovu huogopa kulala kwa sababu kuinuka ni mateso. Hukosa usingizi siku baada ya siku, akawa mwepesi wa hasira, na pengine magoti yakamkunjika ghafla akiwa amesimama. Mpeni mahali pakavu na laini, penye nafasi ya kutosha kulala na kunyanyuka.

Zipo dalili zisizongoja kesho. Farasi anayegeuka kutazama ubavu wake, anayekwangua ardhi, anayelala na kugaagaa huku akitoka jasho, huenda ana msokoto wa tumbo. Anayesimama ameegemea nyuma, huku kwato za mbele zikiwa na joto, huenda ana uvimbe ndani ya kwato. Mapigo ya moyo ya farasi mzima aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Yakizidi hapo kwa mbali ilhali hajafanya kazi, mwiteni daktari wa mifugo mara moja.

Nawasihi msimtibu kwa dawa za kubahatisha. Dawa ya kutuliza maumivu isiyopimwa huweza kuharibu tumbo na figo, na kuificha chechemeo ili mnyama aendelee kubeba ni kumwongezea jeraha. Daktari mwenyewe hutumia dawa hizo kama kipimo: humpa mnyama kwa siku kadhaa na kuangalia mwenendo wake. Ukaidi ukipungua, basi tumejua kwamba haukuwa ukaidi.

Baada ya kiini kujulikana, kazi nyingi iko mikononi mwa mwenye mnyama. Meno ya mzee yakaguliwe mara mbili kwa mwaka. Tandiko lirekebishwe au libadilishwe. Asiye na meno imara alishwe chakula kilicholowekwa. Mwenye viungo vikavu asifungiwe siku nzima, kwa kuwa kusimama humkakamaza. Atembezwe polepole kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kazi yoyote, abebe mtu mwepesi kwa muda mfupi, na apumzishwe kabisa ikibidi. Naye mtoto asipandishwe juu ya farasi mzee kwa sababu tu "huyu ni mpole siku zote." Upole wa jana si dhamana ya leo ikiwa maumivu ni mapya.

Sasa niseme kama askari. Sheria ya Uganda ya kuzuia ukatili kwa wanyama inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumpakia mzigo kupita kiasi. Kumwuza mnyama mgonjwa kwa kumficha mnunuzi ugonjwa wake ni hadaa, na hadaa huzaa visasi vinavyovuka mpaka. Wapo pia madalali wanaonunua punda wazee kwa bei ya kutupa ili wakachinjwe kwa ajili ya ngozi. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafiki kuzuia biashara hiyo barani kote. Dalali asiyetaka kuonyesha kibali cha kusafirisha mifugo, tupeni habari zake.

Na pale daktari atakapothibitisha kwamba maumivu hayatibiki, mwisho wa upole kwa mkono wa mtaalamu ni heshima. Kumtelekeza njiani si huruma.

Ndugu wananchi, mtoto akija kuwaambia kwamba farasi wa babu amebadilika, msimcheke, wala msikimbilie fimbo. Mfungeni mnyama kwa utulivu, waondoeni watoto karibu yake, mshusheni tandiko, mchunguzeni, kisha mwiteni daktari wa mifugo wa wilaya. Mkifanya hivyo mtamwokoa mtoto na teke, mtamwokoa jirani na kesi, na mtamlipa mnyama sehemu ya deni la miaka yote aliyowabeba.