Ana Mawazo



Kiswahili kimenipunguzia kazi ya jioni hii. Mtu akijikunyata barazani, chai imepoa mbele yake, tunaambiana, "Mwache, ana mawazo." Hatuhitaji kusema ni mawazo gani. Yakiwa mengi, ni ugonjwa tayari. Na tulipotafuta jina la kitaalamu tulikwenda jikoni tukachukua kitenzi cha kusonga, tukapata msongo wa mawazo. Aliyewahi kusonga ugali anajua kwamba mkono hauumi mpaka unga uzidi maji.

Hans Selye, katika barua fupi aliyoichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 1936, aliutafuta msongo mwilini mwa panya waliotiwa baridi, majeraha na uchovu. Sisi tuliuweka kwenye mawazo, na huko ndiko alikokuja kutukuta mwanasaikolojia Richard Lazarus.

Mwaka 1964 Lazarus na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo ya jaribio lililonifanya nisome saikolojia. Waliwakalisha watu gizani wakawaonyesha filamu ya jando la wenyeji wa Australia. Ni filamu ngumu kuitazama. Kisu ni cha jiwe. Kundi moja lilisikia msimulizi akikazia maumivu na hatari. Jingine liliambiwa kwamba hakuna uchungu wa maana na vijana wamefurahi. Jingine lilisimuliwa kwa ubaridi wa mtafiti anayeeleza mila za watu, na jingine halikusikia neno. Watafiti wakapima jasho la ngozi na mapigo ya moyo. Picha ilikuwa moja kwa wote, ila miili iliitika kufuata sauti.

Miaka ishirini baadaye, 1984, Lazarus na Susan Folkman waliandika kitabu kilicholipa wazo hilo umbo lake. Jambo likimfikia mtu, walisema, anajiuliza maswali mawili, mara nyingi bila kujijua. La kwanza: hili lina uzito gani kwangu? Limeshanidhuru, linanitishia, au ni pambano ninaloweza kulishinda? La pili: nina nini mkononi? Msongo huzaliwa pale jibu la pili linapokuwa jepesi kuliko la kwanza. Nimefundisha hivyo kwa miaka mingi. Swali lililobaki halimo katika kitabu changu cha kufundishia: ile sauti juu ya picha ni ya nani?

Jibu nililipata Enguserosambu. Ni kata ya Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya, kwenye nyanda za juu zenye msitu wa mierezi na mizaituni-pori unaotunzwa na wananchi wenyewe. Kiangazi kikikaza, maji na majani ya mwisho huwa humo.

Kijana wa Kimaasai wa kule hakai gizani akitazama jando la wengine. Alfajiri ya siku yake anamwagiwa maji ya baridi, anakalishwa juu ya ngozi, na hatakiwi hata kupepesa jicho. Siku za kabla, wenzake humchokoza na kumtusi: utakimbia wewe, utaaibisha ukoo. Masikioni mwa mgeni ni ukatili. Nilipoyasikiliza vizuri nilitambua ile sauti ya Berkeley, ila imewekwa kabla ya picha, na watu anaowajua, ili kisu kikifika kimkute ameshakiita pambano. (Nisieleweke vibaya. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai nchini mwetu tangu 1998, na hakuna sauti nzuri ya kuuwekea.)

Mara ya kwanza nilikwenda na dodoso. Nilibeba orodha ya Holmes na Rahe ya mwaka 1967, yenye matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake: kufiwa na mwenzi 100, kufunga ndoa 50, Krismasi 12. Nilikaa na mzee mmoja chini ya mti, kila mtu na kigoda chake, kijana akitutafsiria kwa Kimaa. Nikasoma hadi mwisho. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, na ng'ombe kuisha ni ngapi?" Nikapekua karatasi kana kwamba nimesahau. Haikuwemo. "Lakini Krismasi imo," akasema, na kijana akacheka hadi akashindwa kutafsiri.

Pale pana watu wanaozitambua enzi kwa misiba ya mifugo. Mwisho wa karne ya 19, sotoka ilipofyeka ng'ombe na ndui ikafuata kwa watu, Wamaasai waliuita wakati huo Emutai, maangamizi. Msafiri Oscar Baumann, aliyefika kreta ya Ngorongoro mwaka 1892, alikuta watu waliobaki mifupa mitupu. Ukame wa 2008 na 2009 walioupitia bado ni wengi. Ukame wa aina hiyo una sura yake: ng'ombe jike amelala tangu usiku, asubuhi wanaume wanne wanamwinua, wawili mbavuni, mmoja kwenye pembe, mmoja amekamata mkia. Anasimama akitetemeka. Wakimwachia na akabaki wima, hakuna anayeshangilia. Wanakwenda kwa mwingine.

Jioni anarudi mtu kutoka malishoni. Haulizwi "vipi" na kuachwa. Anakaa, kisha anatoa ilomon, yaani habari, zote: wapi majani yamebaki, kisima kipi kimekauka, nani kahama, mtoto wa nani anaumwa. Msikilizaji anaitikia kila kipande, halafu zamu yake inafika. Kwa macho yangu hiyo ndiyo tathmini ya kwanza ya Lazarus, ila haifanyiki ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Tisho linapimwa kwa sauti, mbele ya watu, na likishapimwa halibaki la aliyelileta peke yake.

Swali la pili nalo linabadilika. Badala ya "nina nini" linakuwa "nina nani". Wamaasai wana uhusiano uitwao osotua, neno lenye maana pia ya kiungamwana. Lee Cronk wa Chuo Kikuu cha Rutgers, aliyeuchunguza uhusiano huo kwa Wamukogodo wa Kenya, anaeleza kwamba mtu huomba anapohitaji, mwenzake hutoa kwa kadiri anavyoweza, na hesabu haiwekwi. Deni lina jina lake, nalo halichanganywi na osotua. Vitabu vyetu hutenganisha kukabili jambo lenyewe na kutuliza moyo. Mtamba akiletwa kwa njia hii na kuingizwa bomani, nani atasema amefanya kazi ipi kati ya hizo mbili?

Sipaki rangi. Wilaya hiyohiyo, mwaka 2011, ilijaa magari kilomita kwa kilomita kwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500. Waliocheka wakiwa Dar es Salaam hawakuwa na mgonjwa nyumbani. Watu wale walikuwa wameshajibu swali la pili, wakakuta mikono mitupu, na kikombe kikajaza. Folkman mwenyewe, baada ya miaka kadhaa na watu wa San Francisco waliouguza wenzi wao wenye UKIMWI, aliandika mwaka 1997 kwamba hata katika dhiki kubwa mtu huendelea kutafuta maana na nafuu ndogo za siku. Sawa. Lakini virusi havikuisikia sauti ya kikombe kile, na aliyeacha dawa za kufubaza kwa kuiamini aliuweka rehani uhai wake.

Na kuna mambo ambayo ilomon haiyawezi. Juni 2022 vigingi vilisimikwa Loliondo kuzunguka kilomita za mraba 1,500, eneo lililotangazwa baadaye kuwa Pori la Akiba Pololeti. Askari polisi aliuawa, wananchi walijeruhiwa, na wengine walivuka kwenda Kenya. Ukame una dalili, na wazee wanazisoma: upepo, mawingu, hali ya nyasi. Tangazo la Serikali halina upepo. Mtu asiyejua kama atakuwa na malisho mwakani hawezi hata kuanza swali la kwanza, na uvumi unajaza pale pasipo na habari. Msongo huo hautibiwi na saikolojia yangu, na mtu asitutume kwenda kuwafundisha watu kuvuta pumzi.

Nirudi kwenye kigoda. Nilipokunja dodoso, mzee aliniambia sasa zamu yangu kutoa habari. Nikasema nzuri. Akasubiri. Nikasema nzuri, ila mama anaumwa. Akaitikia, akasubiri tena. Nikataja hospitali, ada, ndugu tusioelewana kuhusu nani akae naye, barua za kupandishwa cheo zilizokaa miezi. Kijana alitafsiri yote. Sikumbuki nilimaliza saa ngapi. Nakumbuka kivuli kilituhama mara mbili, na mara zote mbili mzee ndiye aliyeinuka kwanza kusogeza kigoda changu.