Maneno Baina ya Mgonjwa na Tabibu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimetakiwa niseme machache juu ya afya. Mwenzetu augupo, chama humchangia nauli ya kwenda hospitali ya Msambweni. Jambo hilo ni jema. Lakini nauli humfikisha mgonjwa mlangoni tu. Kutoka hapo, kimwongozacho tabibu kwanza ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, nayo yakipotoka, dawa nayo yaweza kupotoka.

Kwanza, maneno yetu yana maana nyingi. Mtu akisema, "Nina homa," huenda ni joto la mwili, au mafua, au malaria. Mzee wa Diani akisema "mshipa" huenda akusudia maradhi ya sehemu za siri, na daktari aliyelelewa bara akadhani ni mshipa wa damu. Basi yafaa kuonyesha kwa kidole mahali panapouma, na kutaja siku maumivu yalipoanza. Aliyezoea Kidigo au Kiduruma asione haya kuomba mkalimani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka mgonjwa aelezwe hali yake, matibabu yake, na hatari zake, kwa lugha aifahamuyo inapowezekana. Hiyo si hisani, ni haki.

Pili, ni habari ya saa. Daktari husema, "Meza kidonge kimoja kila saa nane." Yeye akusudia mara tatu kwa usiku na mchana. Mgonjwa hufahamu saa nane ya adhuhuri, akameza kimoja tu kwa siku; maradhi yasipopoa, lawama huiangukia dawa. Tena bahasha iliyoandikwa 2×3 maana yake ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Kwa hiyo, kabla hujaondoka dirishani pa dawa, yarudie maagizo kwa kinywa chako mwenyewe, ili palipo na kosa usahihishwe papo hapo.

Tatu, wahenga walisema, mficha uchi hazai. Wako wazee waonao haya kutaja busha au taabu ya mkojo mbele ya daktari aliye rika la mjukuu wao, tena mwanamke. Mzee na aombe kuonwa na mwanamume, kama yupo. Lakini asirudi nyumbani na maradhi yake. Busha huondolewa kwa kupasuliwa. Damu katika mkojo yaweza kuwa kichocho, ambacho kina vidonge vyake, au yaweza kuwa ugonjwa mzito zaidi usiongoja.

Na dawa zisifichwe, za mganga wala za dukani. Mitishamba mingine huongeza au hupunguza nguvu za dawa za hospitali. Parasetamoli imo katika Panadol, na imo pia katika dawa nyingi za mafua. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa muda wa saa 24, maana ikizidi huharibu ini. Naye amezaye dawa mbili zenye majina mbalimbali huenda akapita kipimo hicho bila kujua. Tieni dawa zote mfukoni, mwende nazo. Na mwenye kisukari aonane na daktari wake kabla ya mwezi wa Ramadhani, wapange pamoja saa za dawa, wala asijikatie shauri peke yake.

Najua foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache. Ndiyo sababu lililo kubwa litangulizwe, lisingojewe mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango.

Mwisho, naomba chama kifikirie neno moja. Tumpelekapo mgonjwa, msindikizaji asiwe wa kubeba mfuko tu. Awe mtu asikiaye vizuri, akumbukaye, na athubutuye kuuliza kwa adabu.