Mazungumzo: Jina Lililo Juu ya Daraja la Tazara



Leo tunataka kumkumbuka mtu mmoja, marehemu Mhandisi Patrick Mfugale. Mhandisi ndiye injinia, yaani mtu aliyesomea kupima, kuchora na kusimamia ujenzi. Sisi wa Temeke tunapita juu ya jina lake kila siku. Nanyi wa vijijini mliokuja Dar es Salaam, huenda mmepita bila kujua.

Hebu tuieleze njia panda yenyewe. Pale Tazara, karibu na stesheni ya reli iendayo Zambia, barabara mbili kubwa zinakutana. Moja ni Barabara ya Nyerere, inayotoka mjini kwenda uwanja wa ndege. Nyingine ni Barabara ya Mandela, inayotoka upande wa bandari kwenda Ubungo. Hiyo ndiyo njia ya malori ya mizigo. Zamani zote zilikutana chini, kwenye taa. Gari la mgonjwa, lori la saruji, daladala iliyojaa watu, wote walingoja pamoja. Mama aliyetoka Kiwalani alfajiri na ndizi zake alifika sokoni jua limekwisha panda.

Jiwe la msingi la daraja liliwekwa Aprili 2016, na serikali ya Japani ikasaidia ujenzi. Barabara ya Nyerere ikainuliwa juu, ile ya Mandela ikabaki chini. Tarehe 27 Septemba 2018 Rais John Magufuli alilifungua, akalipa jina la Mfugale. Na Mfugale mwenyewe alikuwa hai, tena yuko kazini. Alikuwa mkuu wa TANROADS, wakala wa serikali unaosimamia barabara kuu.

Jambo hilo lilitupendeza sana. Kwetu mtu husifiwa akiwa ndani ya jeneza. Tazameni Ubungo, ambako zamani kulikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Pale pana barabara zilizopandana ngazi tatu, nazo zina jina la mhandisi mwingine, Balozi John Kijazi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi. Kijazi alifariki tarehe 17 Februari 2021. Barabara zile zilifunguliwa tarehe 24, wiki moja tu baadaye. Jina lake likatajwa, mwenyewe hayupo kulisikia. Machi 17 akafariki Rais Magufuli. Juni 29, mwaka huohuo wa 2021, akafariki Mfugale mjini Dodoma. Watu watatu wa barabara, ndani ya miezi mitano! Lakini Mfugale alikuwa amekwisha kuliona jina lake kwa macho yake, karibu miaka mitatu.

Alizaliwa mwaka 1953 mkoani Iringa. Alisoma uhandisi India, baadaye akaenda Uingereza kuongeza elimu. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kwenye madaraja. Moja ya madaraja anayotajwa nayo ni la Mkapa, juu ya mto Rufiji. Lina urefu wa karibu meta 970, na lilifunguliwa mwaka 2003. Wasafiri wa Lindi na Mtwara wanaopanda mabasi Mbagala wanajua maana yake. Kabla ya hapo mlingoja kivuko, na mvua ikizidi mlilala ng'ambo na watoto, na mihogo ikaoza ndani ya magunia.

Sasa tuseme habari ya nyumba. Mambo ya ndani ya familia ya Mfugale ni ya wenyewe, hatuna ruhusa ya kuyaanika. Lakini kazi ya madaraja tunaijua ilivyo. Mto hauhamishwi uje mjini. Mjenzi ndiye anayeufuata, akalala kambini na mbu. Nyumbani mtoto anaugua, ada ya shule inatakiwa, bati linavuja, na mwenye nyumba yuko porini anapima kina cha maji. Anayeyabeba hayo yote ni mkewe. Kwa maoni yetu, jina moja likiandikwa darajani, nusu ya heshima hiyo ni ya waliobaki nyumbani. Hilo halijaandikwa popote, basi sisi tunalisema hapa.

Tena msidhani daraja likiisha kujengwa kazi imekwisha. Saruji na chuma hutanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi. Ndiyo maana mafundi huacha nafasi ndogo kati ya vipande vya daraja, wakaziba kwa chuma na mpira. Ukipita na gari unasikia "tap, tap". Si ubovu huo jamani, ni daraja linapumua. Nafasi hizo zikijaa mchanga na taka, daraja hukosa pa kutanukia, nalo hupasuka.

Na uzito je? Sheria ya Afrika Mashariki inataka gari kubwa kabisa, pamoja na mzigo wake, lisizidi tani 56. Wengine huona mizani ni usumbufu wa serikali. Lakini wataalamu wamepima. Mzigo ulio juu ya ekseli moja ukiongezwa mara mbili, barabara haiharibiki mara mbili tu. Huharibika karibu mara 16! Tajiri anapata faida ya gunia chache, na kijiji kizima kinabaki na mashimo.

Kuna na wale wanaong'oa vyuma vya kingo na vibao vya barabarani, wakaviuza kama chuma chakavu. Hao si watu wa mbali. Ni vijana wetu, tunawajua, na wanunuzi tunawajua. Usiku dereva hauoni ukingo, basi linatumbukia korongoni. Mhandisi amekesha miaka, na sisi tunauza kazi yake kwa kilo.

Pale njia panda makonda wa daladala bado wanaita "Tazara! Tazara!" Jina la kituo ni gumu kubadilika midomoni. Ila kibao kipo, na nyinyi sasa mnasoma. Mkipita hapo na watoto, wasomeeni: Mfugale.