Mpira wa Kulishia Si Dalili ya Mwisho
Saratani ya umio huwaandama watu wengi Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali wakati hata maji hayapiti. Mionzi ya kutibu saratani hiyo nayo huchubua koo. Hapo daktari hupitisha mpira wa kulishia puani, au moja kwa moja tumboni. Ndugu wakisikia hivyo hukata tamaa. Wasikate: mpira humpa mgonjwa nguvu ya kumaliza matibabu.

Kazi kubwa iko nyumbani. Chakula kiwe laini na kichujwe, mgonjwa akae wima, mpira usafishwe kwa maji safi kila baada ya kulisha usije ukaziba. Inauma kuona mke au binti akiachiwa mzigo huu kwa maelezo ya haraka mlangoni pa wodi. Ajaribu kwanza mbele ya muuguzi, ndipo mgonjwa aruhusiwe.